Fidia Ihesabiwe Tangu Siku ya Maumivu

Serikali yo yote inayowaita vijana wake jeshini hujifunga deni, na deni hilo halimaliziki siku askari anapovua sare na kurudi kwao. Akirudi mzima, deni ni la shukrani. Akirudi na miguu mibovu, deni ni la fedha, nalo hulipwa mwezi kwa mwezi maadamu yu hai. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Leo twapenda kueleza habari ya deni la namna hiyo katika nchi ya Marekani, na hasa swali moja ambalo kwa mtu asiyehusika laweza kuonekana dogo: hali ya askari wa zamani inapozidi kuwa mbaya, na serikali ikakubali kumwongezea fidia, je, nyongeza hiyo ianze kuhesabiwa tangu siku gani?

Msomaji aweza kuuliza gazeti la Chama lina kazi gani na miguu ya askari wa Marekani. Majibu yetu ni mawili. Kwanza, wapo ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliohamia nchi hiyo na kuvaa sare yake. Mwaka 2008 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha hizo. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016, lakini walioingia kwa mlango huo ni askari kama wengine, na miguu yao huchoka kama ya wengine. Pili, swali lenyewe si la Marekani peke yake. Kila nchi yenye askari, na kila nchi yenye wafanyakazi wanaoumia kazini, hapana budi ilijibu. Yafaa tutazame jinsi taifa tajiri lilivyolijibu, tuone palipo na haki na palipo na dosari.

Sheria ilivyo

Kazi ya kuwahudumia askari wa zamani huko Marekani imo mikononi mwa wizara maalumu. Ilianza kama idara mwaka 1930, ikapandishwa kuwa wizara kamili mwaka 1989. Askari aliyepata ulemavu kwa sababu ya utumishi wake hupimwa na kupewa daraja kwa asilimia, kuanzia sifuri hadi 100, kwa kupanda kumi kumi. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo malipo ya kila mwezi yanavyoongezeka.

Kwa magonjwa ya nyayo iko orodha ndefu. Imo hali ya unyayo kupoteza upinde wake na kulala bapa. Umo unyayo ambao upinde wake umepita kiasi. Kimo kidole gumba kilichopinda kuelekea vidole vingine. Vimo vidole vilivyokunjamana. Na yamo majeraha mengineyo ya mguu. Tangu tarehe 7 Februari 2021 yameongezwa pia maumivu ya utando ulio chini ya unyayo, yale yanayomkamata mtu kisiginoni kila anapokanyaga chini asubuhi.

Tuchukue mfano wa nyayo bapa. Ikiwa hali ni ya kadiri, askari hupewa asilimia 10. Ikiwa mbaya kwa miguu yote miwili, kwa maana ya kwamba umbo limeharibika waziwazi, maumivu yamezidi, miguu huvimba akiitumia na sugu zimeota, hupewa asilimia 30. Ikiwa imefikia upeo wa ubaya, nyayo zinauma mno zikiguswa, kano ya kisigino imehama na kukakamaa, na viatu vya kutengenezwa na daktari havileti nafuu, hupewa asilimia 50.

Tofauti baina ya daraja na daraja si ya senti. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024, askari asiye na mtu wa kumtegemea alilipwa dola 175.51 kwa mwezi kwa asilimia 10, dola 537.42 kwa asilimia 30, na dola 1,102.04 kwa asilimia 50. Kutoka daraja la chini hadi lile la asilimia 50 ni tofauti ya dola 926.53 kila mwezi. Kwa mtu asiyeweza tena kusimama mchana kutwa ghalani, dukani au kiwandani, fedha hizo ndizo kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Hapo ndipo tarehe inapokuwa jambo kubwa. Sheria ya Marekani yasema kwamba kwa kawaida malipo hayawezi kuanza kabla ya siku ambayo wizara imepokea ombi. Kwa nyongeza ya fidia, hata hivyo, imewekwa huruma kidogo. Ikiwa yaweza kuthibitishwa kwamba hali ilizidi kuwa mbaya siku fulani, na ombi likafika katika muda wa mwaka mmoja tangu siku hiyo, basi nyongeza itahesabiwa tangu siku hiyo ya kuzidi, si tangu siku ya ombi. Fedha zenyewe huanza kutolewa tangu siku ya kwanza ya mwezi unaofuata.

Ukiisoma haraka sheria hiyo yapendeza. Lakini tazama makali yake yalipofichwa.

Tuseme wapo askari wawili. Wote walikuwa na asilimia 10 kwa ajili ya nyayo bapa, na miguu yao ikafikia hali ya asilimia 50 siku moja, na daktari akaandika hivyo. Wa kwanza alipeleka ombi baada ya miezi 11. Atalipwa kwa kuhesabu miezi yote 11 iliyopita. Wa pili alichelewa, akapeleka ombi baada ya miezi 13. Mtu mwenye akili timamu angedhani kwamba huyu wa pili atapoteza ile miezi miwili iliyozidi mwaka, na ule mwaka mmoja atalipwa. La, sivyo. Anapoteza miezi yote 13, na hesabu yake yaanza siku ombi lilipofika. Kwa viwango tulivyovitaja, ni zaidi ya dola 12,000 zinazopotea kwa kuchelewa miezi miwili.

Wala hii si tafsiri ya karani mmoja mkorofi. Mahakama maalumu ya rufaa za askari wa zamani iliamua hivyo mwaka 1997 katika shauri la Harper, na mahakama ya juu yake ikathibitisha mwaka 2010 katika shauri la Gaston: ili mtu afaidi ule mwaka wa huruma, ni lazima kuzidi kwa ulemavu kuwe kumetokea ndani ya mwaka huo uliotangulia ombi. Kukitokea kabla yake, mlango umefungwa.

Mguu hauna tarehe

Kanuni ya namna hii ingeweza kuvumilika kama ulemavu wote ungekuwa wa risasi. Risasi ina siku yake, ina saa yake, na mashahidi wapo. Lakini unyayo hauanguki kwa siku moja. Askari hutembea maili nyingi kwa buti ngumu, mgongoni amebeba mzigo mzito, na upinde wa mguu hulegea polepole mwaka baada ya mwaka. Anaporudi uraiani huona maumivu, akayavumilia, akanunua kiatu kipana zaidi, akaacha kutembea mwendo mrefu, akaacha kazi ya kusimama. Ni siku gani kati ya hizo ambayo asilimia 10 iligeuka 30? Mwenyewe hajui. Hata daktari aliyesoma sana hawezi kuitaja kwa yakini.

Baridi nayo ni vivyo hivyo. Katika Vita vya Korea, kwenye mapigano ya Chosin ya Novemba na Desemba 1950, askari wa Marekani walipigana katika baridi kali mno, na maelfu yao waliumia miguu na mikono kwa kugandishwa na baridi hiyo. Wengi walidhani wamepona. Miaka mingi baadaye, wakiwa wazee, ndipo ganzi, maumivu, kuharibika kwa kucha na baridi yabisi ya vifundo vilipowarudia. Kanuni za kupima madhara ya baridi ziliandikwa upya na kuanza kutumika tarehe 12 Januari 1998, zaidi ya miaka 47 baada ya mapigano yale. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kuna tatizo lingine linalotokana na hilo. Askari akiisha kupeleka ombi la nyongeza, wizara humpeleka kwa daktari apimwe, na kipimo hicho chaweza kufanyika miezi kadhaa baadaye. Ofisa asiye mwangalifu huona kwamba uthibitisho wa kwanza ulio mezani ni wa siku ya kipimo, basi akaanzisha malipo tangu siku hiyo, kana kwamba mguu uliharibika mlangoni mwa daktari. Mahakama hiyo ya askari ililikemea jambo hilo mwaka 2015 katika shauri la Swain, lililohusu ugonjwa wa masikio: tarehe hutegemea siku ambayo kuzidi kwa ulemavu kwaweza kutambulikana kwa ushahidi wote uliopo, si siku kipimo kilipofanyika. Maneno hayo ni ya haki. Kipimo ni taa inayoonyesha kilichokuwapo tayari. Taa hailiumbi shimo.

Hoja za serikali

Hatupendi kuandika kana kwamba upande wa pili hauna sababu. Sababu upo nazo, na moja ina historia ya kweli.

Mwaka 1879 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya malimbikizo ya pensheni kwa askari waliopigana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Kwa sheria hiyo, mtu aliyeomba pensheni kwa jeraha la vita alihesabiwa fedha zake tangu siku alipoachishwa jeshi, hata kama alikuwa amekaa kimya kwa miaka mingi. Maombi yalifurika. Mawakala waliokula ada kwa kila ombi walizunguka nchi nzima wakitafuta watu wa kuwaandikia. Gharama zilipanda sana, na udanganyifu haukukosekana. Ndipo likawekwa sharti kwamba wale watakaoomba baada ya tarehe 1 Julai 1880 walipwe tangu siku ya ombi tu. Tangu hapo watunza hazina wa nchi hiyo wamekuwa na hofu ya madai ya kale, na hatuwezi kusema hofu hiyo ni ya bure.

Hoja ya pili ni ya utaratibu. Wizara hupokea maombi mengi mno, na ikiwa kila mmoja ataruhusiwa kudai ya miaka 20 iliyopita, kazi haitakwisha, na wale wenye shida ya leo watangoja nyuma ya wale wenye hesabu za jana. Hoja ya tatu ni ya ushahidi: maneno ya kale husahauliwa, mashahidi hufa, na karatasi huoza.

Twazikubali hoja zote tatu kwa kipimo chake. Lakini hebu tuulize: hoja hizo zasemaje pale ambapo ushahidi umo katika kabati la serikali yenyewe? Wizara hiyo ya Marekani ina hospitali zake karibu 170, pamoja na zahanati nyingi zaidi. Askari mwenye nyayo mbovu hutibiwa humo. Daktari anayeandika kwamba miguu imevimba, sugu zimeota na viatu havisaidii tena ni mwajiriwa wa wizara ile ile inayolipa fidia. Karatasi haijaoza. Shahidi ni mtumishi wa mdaiwa. Hakuna wakala mla ada aliyepita hapo. Basi kwa nini mkono wa kushoto wa serikali ujifanye haujui kilichoandikwa na mkono wa kulia?

Kanuni iliyofutwa

La kusikitisha ni kwamba Marekani yenyewe ilikuwa na dawa ya tatizo hilo, ikaitupa. Kwa miaka mingi palikuwa na kanuni kwamba askari ambaye tayari ulemavu wake umekubaliwa, akitibiwa au akilazwa katika hospitali ya wizara kwa ulemavu huo, taarifa ya matibabu hayo yaweza kuhesabiwa kuwa ni ombi la nyongeza, na siku ya matibabu ikawa siku ya ombi. Hakuhitaji kujua sheria. Hakuhitaji wakili. Alikwenda kutibiwa, na kule kwenda kwake kukazungumza kwa niaba yake.

Kanuni hiyo ilifutwa. Tangazo lilitolewa Septemba 2014, na mabadiliko yakaanza tarehe 24 Machi 2015. Tangu siku hiyo kila dai hutakiwa liwe katika fomu maalumu. Sababu iliyotolewa ni kurahisisha kazi na kuharakisha majibu katika mitambo ya kisasa. Mahali pake pamewekwa taarifa ya kusudio: askari hueleza tu kwamba anakusudia kudai, na akikamilisha fomu katika muda wa mwaka mmoja, siku ya taarifa ile ndiyo huhesabiwa.

Hatuidharau taarifa hiyo ya kusudio. Kwa mtu anayeijua ni silaha nzuri. Lakini ndiyo kasoro yake: yamfaa anayeijua. Mzee anayeishi peke yake shambani, mgonjwa wa akili, mtu asiye na makao, mgeni ambaye Kiingereza cha sheria kinamshinda, hao ndio ile kanuni ya zamani iliwakinga. Kanuni mpya imewahamisha kutoka katika ulinzi wa daktari na kuwaweka chini ya rehema ya fomu. Makarani wamepunguziwa kazi, na gharama ya wepesi huo wameachiwa wale wenye miguu mibovu kuliko wote.

Tena sheria yenyewe haiko sawa kwa watu wote. Inapotungwa sheria au kanuni mpya yenye kulegeza masharti, mtu aliyekuwa na sifa tangu siku ilipoanza kutumika, akichelewa kuomba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huweza kulipwa mwaka mmoja wa nyuma tangu siku ya ombi lake. Yaani aliyechelewa kusoma gazeti la serikali husamehewa mwaka. Lakini aliyechelewa kwa sababu alikuwa akivumilia maumivu hasamehewi hata siku moja. Twashindwa kuona busara ya tofauti hiyo.

Bunge ndilo lenye ufunguo

Wapo watakaosema mambo haya yaachiwe mahakimu, kwa kuwa mahakimu wana macho ya huruma. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa, nayo ina kikomo. Tarehe 23 Januari 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, ilitoa hukumu katika shauri la Arellano, askari wa zamani wa majini aliyeomba fidia kwa mara ya kwanza karibu miaka 30 baada ya kuacha utumishi, na aliyedai kwamba maradhi yake ya akili ndiyo yaliyomzuia asiombe mapema. Mahakama ilisema kwamba mwaka mmoja uliowekwa na sheria kwa maombi ya kwanza hauwezi kurefushwa na hakimu kwa sababu za huruma, kwa kuwa Bunge limekwisha kuandika tarehe za kuanza malipo na kutaja lenyewe mahali pa kuachia. Shauri hilo halikuhusu nyongeza ya fidia wala nyayo, lakini fundisho lake ni wazi. Anayetaka tarehe hizi zibadilike asipige hodi mahakamani. Apige hodi Bungeni.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya.

Kwanza, ile kanuni ya kabla ya mwaka 2015 irudishwe, tena iandikwe katika sheria yenyewe ili isifutwe tena kwa tangazo. Daftari la hospitali ya serikali, linapoonyesha kwamba ulemavu uliokwisha kukubaliwa umezidi, lihesabiwe kuwa ni ombi. Ikiwa mitambo ya kisasa ina nguvu kama tunavyoambiwa, basi na itumike kumtafuta mwenye haki, si kumkwepa. Mtambo unaoweza kuikataa fomu yenye kosa waweza pia kumpelekea askari barua ya kumwambia kwamba daktari wake ameona miguu imeharibika zaidi, na kwamba ana haki ya kudai.

Pili, mwaka mmoja uwe mwaka mmoja kwa kila mtu. Anayethibitisha kwamba hali ilizidi miezi 13, au miezi 30, kabla ya ombi, alipwe walau ule mwaka mmoja uliotangulia ombi. Hazina haitafilisika, kwa sababu kikomo kipo. Malimbikizo ya mwaka 1879 hayatarudi, kwa sababu hakuna anayedai ya tangu vita.

Tatu, kwa magonjwa yanayokua polepole, ushahidi wa mke, wa jirani na wa mfanyakazi mwenzake upewe uzito wake wa haki. Sheria ya huko tayari yaruhusu ushahidi wa watu wasio madaktari, tena yasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka imwendee askari. Mke aliyeona mumewe akianza kushuka ngazi kwa kukalia makalio ana tarehe kichwani ambayo daktari hana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa ndugu zetu walioko huko

Sheria ikingali kama ilivyo, yatupasa kuwaambia ndugu zetu waliotumika katika jeshi hilo maneno machache ya manufaa. Mkiona miguu imezidi, msingoje hata mwezi. Pelekeni taarifa ya kusudio siku hiyo hiyo, kisha mkusanye karatasi mkiwa na mwaka mzima mbele yenu. Mwelezeni daktari kila badiliko, ili aliandike pamoja na tarehe yake. Wekeni nakala. Wale waliotibiwa katika hospitali za wizara kabla ya tarehe 24 Machi 2015 watazame tena madaftari ya wakati huo, kwa maana kanuni ya zamani yaweza kuwa bado inawahusu kwa matibabu ya siku zile.

Na jibu la wizara likija, soma tarehe kabla ya kusoma asilimia. Wengi hufurahia kuona asilimia imepanda, wakaiweka barua sandukuni, wasione kwamba wamenyimwa miezi kumi na zaidi. Chini ya utaratibu ulioanza tarehe 19 Februari 2019, askari ana mwaka mmoja tangu siku ya barua kutaka uamuzi uangaliwe upya, au kuleta ushahidi mpya, au kukata rufaa, na akiendelea hivyo bila kuacha pengo, tarehe yake ya asili hulindwa. Akikaa kimya mwaka ukapita, tarehe hiyo aweza kuipoteza. Tena msione haya. Fidia si sadaka. Ni ujira wa mguu uliotumika.

Fundisho kwetu

Sisi wa pwani hii tunayo sababu yetu ya kulielewa jambo hili. Mtaa wa Kariakoo hapa Dar es Salaam ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walitembea nchi nzima wamejitwika mizigo vichwani, wengi wao bila viatu, na funza waliwala nyayo hata wakashindwa kwenda. Makumi ya maelfu walikufa, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Sanamu ya Askari ilisimamishwa mjini mwaka 1927, lakini sanamu haimlishi yatima, wala haimtibu mtu kisigino. Serikali ya kikoloni haikujiuliza fidia ya mguu wa mpagazi ianze tangu siku gani, kwa sababu haikuuhesabu mguu huo kuwa deni.

Twajua basi kwamba kubishana juu ya tarehe ni hatua ya mbele kuliko kutolipwa kabisa, na kwa hilo Marekani yastahili sifa. Lakini nchi inayokiri deni haina ruhusa ya kuchagua siku ya kulianza kwa faida yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoweka wajibu wa kila mtu kufanya kazi, halikuwasahau watoto, wazee na walemavu. Lilikiri kwamba wao watalindwa kwa jasho la wenzao. Msingi huo watuhusu hata leo. Mahali po pote ambapo askari, mfanyakazi wa kiwandani au mchimba madini hulipwa fidia hapa kwetu, yafaa tuulize maswali yale yale: Je, daftari la daktari lasomwa na anayelipa? Je, anayechelewa kwa kutojua hupoteza kiasi alichochelewa tu, au hupoteza vyote? Je, tarehe imewekwa kwa haki ya mgonjwa au kwa raha ya karani?

Karatasi ina kazi yake, nasi hatutaki ofisi zisizo na utaratibu. Lakini karatasi ni ushahidi wa maumivu, si chanzo chake. Mguu ukiisha kuharibika katika utumishi wa taifa, deni limeanza, ijapokuwa hakuna fomu iliyojazwa. Kazi ya serikali yenye haki ni kuitafuta siku hiyo kwa uaminifu, kisha kulipa.